Choo cha Mji na Kufuli Lake

Msomaji, vitabu vya historia unavyovisoma shuleni vimejaa habari za wafalme, za vita, za mikataba na za safari za wapelelezi. Ni nadra kukuta humo neno lolote juu ya mahali walipokwenda kujisaidia mfalme na mchukuzi wake wa mizigo. Waandishi waliona haya. Haya ni jambo la adabu, lakini mara hii imetunyima elimu. Yamkini wewe nawe, siku ya kufungua shule, umepata kushuka garini katika mji usio wako, sanduku mkononi, maji uliyokunywa asubuhi yakikudai, ukauendea mlango ulioandikwa CHOO, ukakuta kufuli. Wakati ule hukuwa na nafasi ya kufikiri habari za kale. Hata hivyo kufuli lile lina historia ndefu, nami nakuomba tuifuate pamoja, kwa kuwa sijaona kitu kinachoeleza waziwazi zaidi ni nani anayekaribishwa mjini na ni nani anayevumiliwa tu.

Natuanze pwani, ambako mawe yamehifadhi ushahidi. Karibu na Malindi, ndani ya msitu, yako magofu ya Gedi, mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 15 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mtaalamu James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, na miongoni mwa mambo aliyoyafunua ni vyoo vya shimo vilivyojengwa kwa mawe ndani ya nyumba, pamoja na mahali pa kujitwaharishia kwa maji. Msikiti nao ulikuwa na kisima, birika na mahali pa kujisaidia, maana sala haifai pasipo udhu. Kwa hiyo msafiri asiyejulikana na mtu yeyote mjini alikuwa na mahali pa kuingia bila ya kuulizwa jina la baba yake. Nathubutu kusema kwamba hicho ndicho choo cha watu wote kilicho cha kale kabisa katika nchi yetu, ingawa neno hilo “watu wote” lina kasoro, kwa sababu misikiti mingi ilikuwa ya wanaume, na mwanamke aliyekuwa safarini ilimpasa atafute nyumba ya mwenzake.

Katika nchi ya Abaluyia, bara huku Kakamega iliko, kichaka na migomba ndiyo iliyowastiri watu. Usidhani kwamba mambo yalikwenda ovyo. Adabu ilikuwa kali: haikufaa baba mkwe na mke wa mwanawe wakutane katika njia ya haja, na hata vyoo vya shimo vilipoingia, wazee wengi hawakukubali watu wawili hao watumie choo kimoja. Vijana hucheka wasikiapo desturi hii. Mimi naona ilikuwa na maana, kwani ilikiri kwamba haja ya mwili ni jambo linalohitaji sitara, na kwamba heshima ya mtu haiishii mlangoni pa nyumba yake. Lakini migomba inaweza kuwastiri watu wachache tu. Bunyore na Maragoli, kusini mwa Kakamega, zimekuwa miongoni mwa sehemu za mashamba zenye watu wengi kabisa katika Afrika. Kichaka kikageuka shamba, shamba likagawanywa kwa wana, na wana wakawagawia wana wao, hata ile sitara ya zamani ikatoweka.

Mnamo mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliyahamisha makao ya wilaya kutoka Mumias, kwa Nabongo Mumia, ikayaleta Kakamega. Miaka 11 baadaye, yaani mwaka 1931, dhahabu ikaonekana. Wazungu wakaja mbio wakiwa na matumaini na karai, na vibarua wa Kiafrika kwa maelfu wakafuata kazi. Machimbo ya Rosterman yaliendelea hadi mwaka 1952. Watu waliozoea kukaa mbalimbali, kila mmoja na boma lake, wakajikuta wamebanana mahali pamoja: sokoni, machimboni, penye ofisi ya kodi na penye baraza ya mahakama. Mtu aliyetembea saa nne kwenda kulipa kodi hakuweza kurudi kwake kwa haja ndogo. Hivyo ndivyo choo cha mji kinavyozaliwa popote duniani, nacho hakizaliwi kwa mapenzi ya usafi peke yake.

Sheria ilikwisha kuwapo. Sheria ya Afya ya Umma ilitungwa mwaka 1921, na bwana afya alizunguka akikagua na kuamuru mashimo yachimbwe. Lakini hapa tuangalie kwa makini, maana afya ilikuwa imekwisha kuvishwa nguo nyingine. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza hali ya miji ya Afrika ya Mashariki, na taarifa yake ilishauri kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika watengwe katika makazi yao, ati kwa ajili ya kuzuia maradhi. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza iliacha shauri la kuwatenga Wazungu na Waasia mijini kwa sheria, lakini mlango wa choo haukuisikia habari hiyo. Hata miaka ya 1950 palikuwa na majengo ambamo vyoo viligawanywa kwa rangi ya ngozi. Nyuma ya maduka, katika miji mingi, kulikuwa na uchochoro wa kupitishia ndoo za uchafu, na topasi alipita humo usiku kuzichukua watu wamelala. Huyo ndiye mtu aliyeruhusiwa kukisafisha choo asichoruhusiwa kukitumia. Kufuli la namna hiyo halikuhitaji chuma. Maandishi mlangoni yalitosha.

Katika miaka hiyo hiyo kijana mmoja alisomea kazi ya ukaguzi wa afya huko Kabete, akafaulu mwaka 1950, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Jina lake Tom Mboya. Yeye mwenyewe ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi mwanamke mmoja wa Kizungu alivyoingia katika chumba alimokuwa akipima maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hamna mtu. Tunamkumbuka Mboya kwa vyama vya wafanyakazi na kwa siasa, hata tukasahau kwamba aliianza kazi yake penye maziwa, majaa na vyoo, na kwamba hapo ndipo alipojifunza jinsi mji unavyoweza kumwona mtu na kutomwona kwa wakati mmoja.

Usidhani, msomaji, kwamba mlango huu umefungwa Afrika tu. Mwaka 1851 London ilifanya maonyesho makubwa katika jumba la vioo, na fundi wa mabomba aitwaye George Jennings akaweka humo vyoo vya kumwagiwa maji. Watu 827,280 walilipa peni moja moja kuviingia. Maonyesho yalipokwisha na jumba likahamishiwa Sydenham, wakubwa waliona vyoo hivyo havina haja tena, maana, kwa fikira zao, watu hawatakwenda huko kwa ajili ya kunawa! Jennings akashindana nao mpaka vikaachwa wazi, navyo vikaleta mapato ya paundi 1,000 kwa mwaka. Wanawake wa mji huo waliteseka kwa muda mrefu zaidi. Vyoo vya barabarani vilijengwa kwa ajili ya wanaume, na palipotajwa cha wanawake wenye nyumba za karibu walipinga, wakisema ni aibu. Matokeo yake ni kwamba mwanamke hakuweza kutembea mbali na nyumba yake kuliko muda ambao mwili wake ungemvumilia. Mwandishi wa michezo ya kuigiza, George Bernard Shaw, alipokuwa diwani wa St Pancras kati ya mwaka 1897 na 1903, aliligombania jambo hilo mbele ya madiwani wenzake.

Uhuru wetu wa mwaka 1963 uliyafuta maandishi ya rangi milangoni. Waliokuwa hawaruhusiwi wakaruhusiwa, na hilo si jambo dogo. Ila hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha kuwa Kenya ina watu kama milioni 8.6, na ile ya mwaka 2019 ilionyesha milioni 47.6. Miji iliyojengwa kwa ajili ya wachache ikapokea umati. Na hapa natamani tukae kidogo, kwa sababu wengi hudhani choo cha mji hufungwa kwa uvivu wa mwenye ufunguo. Mara nyingi sivyo. Kujenga choo ni kazi ya miezi michache, na siku ya kukifungua huja wakubwa na hotuba. Kukiweka wazi ni kazi ya kila siku, na hiyo haina hotuba. Panatakiwa maji yasiyokatika, na mtu wa kuyalipia. Panatakiwa gari la kunyonya shimo linapojaa. Panatakiwa msafishaji alipwaye mwisho wa mwezi, sabuni, taa, na fundi wa kurudisha bomba lililoibwa. Kimoja kikikosekana, choo huchafuka. Kikichafuka, watu hulalamika. Wakilalamika, njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutia kufuli. Kufuli hununuliwa mara moja tu.

Nairobi ilipitia mambo hayo yote. Katika miaka ya 1990 vyoo vingi vya katikati ya jiji vilikuwa vimeharibika au vimefungwa, na vingine vikashikwa na watu waliowatisha wapita njia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilianza kutengenezwa upya na kupewa vikundi vya kuviendesha kwa ada ndogo. Mwaka 2006 mchoraji wa majengo David Kuria alianzisha kampuni ya Ecotact, iliyojenga vyoo vilivyoitwa Ikotoilet juu ya ardhi ya mabaraza ya miji. Kampuni ilijenga na kuendesha, kisha baada ya miaka iliyoagwa ilipasa kukabidhi. Ada ilikuwa shilingi 5, na kando ya choo palikuwa na mng'arishaji viatu na duka dogo, ili mahali pale paonekane pa heshima. Wazo la kutoza fedha si jipya. Kaisari Vespasian wa Roma, aliyetawala tangu mwaka 69 hadi 79, alitoza kodi ya mkojo uliochukuliwa vyooni, na mwanawe alipochukizwa, yasemekana baba alimwekea sarafu puani akamwuliza kama inanuka.

Sarafu hainuki, kweli, lakini lazima iwepo. Tuseme ada ni shilingi 10. Muuza mboga anayekaa sokoni tangu alfajiri hadi magharibi atahitaji choo mara tatu: hizo ni shilingi 30 kwa siku, na kwa siku sita ni 180. Mwenye duka kubwa hatazihisi. Yeye aliyepanga mafungu ya kunde na mrenda chini atazihisi sana, naye hupata dawa yake mwenyewe: hanywi maji. Madaktari hutuonya kwamba kutokunywa maji ya kutosha na kuuzuia mkojo kwa muda mrefu huyakaribisha maradhi ya njia ya mkojo. Mja mzito, mzee na mwenye kisukari hawawezi hata kujaribu dawa hiyo. Wanaume wengi hugeukia ukuta, na ndiyo sababu katika miji yetu utasoma kwa rangi kubwa: USIKOJOE HAPA. Mwanafunzi wa historia ayasome maandishi hayo kama asomavyo waraka wa kale. Hayakuandikwa mahali penye choo kilicho wazi.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kiwango kifaacho cha usafi, na kazi ya maji na usafi imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Sheria hutaka wananchi waulizwe maoni kabla ya fedha za kaunti kugawanywa. Nimeona watu wakisimama katika mikutano hiyo wakaomba barabara, zahanati na viwanja vya mpira. Anayesimama kuuliza habari za choo cha soko huchekwa kwanza. Maswali yake ni madogo: ni nani mwenye ufunguo, anaondoka saa ngapi, na maji yanalipiwa kutoka fungu gani? Ni maswali ambayo karani aweza kuyajibu kwa dakika moja, kama jibu lipo.

Hata jibu litakapopatikana, watu wa safari wana elimu yao waliyorithishana. Mjini Kakamega, kama kwingineko, mgeni hujifunza upesi ni kituo gani cha petroli kisichomfukuza mtu kwa miguu, ni kanisa gani lina mlinzi mpole, na msikiti una mlango upande gani. Wasichana wa shule huenda wawili wawili, mmoja akishika mizigo. Mama mwenye mtoto huingia hospitali kana kwamba anakwenda kumwona mgonjwa. Na ikiwa yote yameshindikana, mtu huingia mkahawani, huketi, huagiza kikombe cha chai asichokitamani, kisha humwuliza mwenye mkahawa kwa sauti ya chini kama ufunguo upo. Upo, huning'inia kwenye msumari nyuma ya meza ya fedha, umefungwa kwa kamba kwenye kipande cha ubao ili usipotee. Mteja huenda, hurudi, huinywa chai kwa kuwa amekwisha kuilipia, kisha hupanda gari la kwenda Webuye.