Bei ya Esansi Baraka na Fizi: Nani Mwenye Kosa?

Kila mara bei ya esansi inapopanda Baraka, shauri lile lile linaanza tena sokoni, ufukoni penye maboti, na hata mlangoni mwa kanisa. Wengine wanasema: ni tamaa ya wafanya biashara. Wengine wanasema: ni kosa la Leta. Wengine tena: ni vita ya ng'ambo. Na mwisho wanamgeukia katekista ao padri na kumwuliza: nani anatenda zambi? Swali hilo ni la haki, walakini halitaki jibu la haraka. Anayetaka kulijibu vema aanze kwa historia, maana bei ile haikuzaliwa jana.

I. Njia

Nchi yetu ina mafuta yake. Tangu mwaka wa 1975 yanachotwa baharini mbele ya Muanda. Lakini toka Muanda hata Baraka ni zaidi ya kilometa 1,800, hata ukizihesabu kama anavyoruka ndege, wala hakuna barabara nzima ya kuziunganisha. Tena kiwanda cha kusafisha mafuta kilichojengwa karibu na Muanda kilitengenezwa kwa mafuta mepesi ya ugenini. Mafuta yetu mazito yaliuzwa ng'ambo. Hivi nchi iliuza mafuta kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ikanunua esansi.

Njia ya Baraka ni ya mashariki. Wadachi walifikisha reli yao toka Dar es Salaam hata Kigoma mwaka wa 1914, mwendo wa kilometa karibu 1,250. Vita kubwa ilipokwisha, Waingereza na Wabeleji walipatana tarehe 15 Machi 1921: Wabeleji wakapata pahali pao pa kushushia mizigo Dar es Salaam na Kigoma, ili mali ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite kwa urahisi. Tangu siku zile watu wa Tanganyika yetu wanatazama bahari ya Hindi.

Hata leo esansi inafika kwa ziwa toka upande wa Kigoma, ao kwa barabara kwa kupitia Bujumbura na Uvira. Kila inapotoka chombo kimoja kuingia kingine, pana mshahara wa kulipa, pana kodi, pana kinachomwagika. Na Burundi yenyewe inapokosa esansi, kama ilivyoikosa sana katika miaka hii ya nyuma, mlango mmoja unafungwa. Tena Baraka si mwisho wa safari. Kupanda Fizi ni kilometa kama 35 za mlima, na Lulenge ni mbali zaidi. Huko bidoni linafungwa nyuma ya pikipiki, na pikipiki yenyewe inakunywa esansi njiani.

II. Feza

Toka mwezi wa Oktoba 1973 hata Januari 1974, pipa la mafuta katika soko la ulimwengu lilipanda toka dola 3 hivi hata karibu 12. Nchi zote zisizo na mafuta ziliumia. Zaire iliumia zaidi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wananchi. Wengi waliopewa hawakujaza tena maduka yale. Kisha, katika mwaka wa 1974, bei ya shaba ilianguka chini ya nusu. Nayo shaba ndiyo iliyokuwa ikilipa esansi.

Jambo la tatu ni feza yenyewe. Zaire moja ya mwaka wa 1967 ilikuwa dola 2. Mwezi wa Septemba 1983 Leta iliishusha: dola iliyokuwa zaire karibu 6 ikawa zaire karibu 30. Tuangalie vema mwaka ule. Mwezi wa Machi 1983 nchi zenye kuuza mafuta zilikuwa zimeshusha bei ya pipa toka dola 34 hata 29. Ulimwenguni mafuta yalikuwa rahisi zaidi, lakini kwa mtu anayelipwa kwa zaire yalikuwa gali zaidi. Basi anayesema kwamba bei inatoka ng'ambo siku zote hajasoma historia ya nchi yake.

III. Vita

Eklezia ya Uvira haisahau tarehe 28 Novemba 1964. Siku ile Padri Luigi Carrara na Ndugu Vittorio Faccin waliuawa Baraka, naye Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tangu mwaka ule wa 1964, vita imepita mara nyingi katika barabara ile ile: askari wa serikali walioshuka Baraka mwaka wa 1965, wapiganaji wa Kabila milimani tangu 1967, vita ya 1996 na ya 1998, hata watu kwa maelfu wakavuka ziwa kwenda kambini upande wa Kigoma. Mwaka wa 2025 Bukavu ilitekwa mwezi wa Februari, na mwezi wa Desemba M23 wakaingia Uvira.

Vita haivunji daraja tu. Inaacha kamba njiani. Mwaka wa 2017 watafiti walihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu mbili, vya askari wa Leta na vya makundi ya silaha. Na mzigo unaolipa kizuizini unamlipisha mnunuzi sokoni.

IV. Dawa

Wa kwanza wanasema: Leta ipange bei. Lakini inaipanga tayari, na upande wa Mashariki una bei yake. Mwaka wa 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha pipa kupita dola 120, Leta iliyalipa makampuni tofauti, ili bei ya pampu isiruke. Ni msaada wa kweli kwa mwenye pampu karibu. Anayenunua kwa chupa barabarani hauoni sana.

Wa pili wanasema: wafukuzwe wauza chupa, wale wanaoitwa kadhafi kwa jina la mkubwa wa Libya, nchi ya mafuta. Lakini kadhafi ni kiungo cha mwisho cha mnyororo mrefu. Ukimwondoa yeye peke yake, pikipiki inasimama, na mgonjwa wa Lulenge hafiki hospitali.

Wa tatu wanasema: itengenezwe barabara. Nami naona hao wamekaribia mzizi. Sheria ya mwaka wa 2008 iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara, nao unajazwa kwa kodi inayokatwa katika esansi yenyewe. Anayelipa kodi ile amekwisha kulipa barabara. Ni haki yake kuiona. Kama haioni, analipa mara mbili: kodi kwanza, kisha bei ya njia mbaya.

V. Zamiri

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Summa, swali la 77, anatupa kipimo. Mfanya biashara anaweza kuuza gali zaidi kwa sababu ya kubeba mali pahali hata pahali, na kwa hatari ya safari. Lakini asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi yumo katika shida. Hiyo ni kuuza kitu kisicho chake. Tena anasema juu ya mwuza ngano anayejua kwamba wengine wanakuja nyuma na ngano nyingi: haki haimlazimishi kutangaza, lakini fazila yake ni kubwa zaidi akitangaza ao akipunguza bei. Mwenye bidoni Baraka anayejua kwamba boti la Kigoma linafika kesho ndiye mwuza ngano yule.

Basi katekista akiulizwa, asimhukumu mtu mbele ya kuihesabu bei. Sehemu gani ni ya safari? Sehemu gani ni ya kodi, nayo feza yake iko wapi? Sehemu gani ni ya kizuizi? Na sehemu gani ni ya shida ya jirani? Ile ya kwanza ni halali. Ya pili tuulize serikali kwa adabu, bila kuchoka. Ya tatu ni wizi, hata kama mwizi amevaa nguo za askari. Ya nne iletwe katika kitubio.