Uchungu wa mwana na kitabu cha Harriet Stowe

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Leo tuutazame usemi huo kwa kupitia mwaka mmoja wa familia moja ya Marekani, mwaka ambao baba alifundisha, mama aliandika na watoto sita waliendelea kukua. Ulipokwisha, nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya kitabu kilichotoka katika nyumba hiyo.

Harriet Beecher Stowe alizaliwa mwaka 1811 katika jimbo la Connecticut, akiwa binti wa mchungaji. Mwaka 1836 aliolewa na Calvin Stowe, mwalimu wa elimu ya Biblia. Waliishi mjini Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Ng'ambo ya mto lilikuwa jimbo la Kentucky, ambako binadamu waliuzwa na kununuliwa kama mifugo. Fedha nyumbani zilikuwa haba, na Harriet aliandika hadithi magazetini ili kuongezea mshahara wa mumewe. Mwezi Julai 1849, Calvin akiwa mbali kwa matibabu, kipindupindu kilimchukua mtoto wao Charley, mwenye umri wa miezi 18. Mama ndiye aliyemuuguza hadi mwisho.

Mwaka uliofuata Calvin alipata kazi katika chuo cha Bowdoin, kwenye mji wa Brunswick, jimbo la Maine, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Harriet alitangulia na baadhi ya watoto, naye akiwa mjamzito. Mwezi Julai 1850 akajifungua mtoto wa kiume. Miezi miwili baadaye, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya watumwa waliotoroka. Mtu yeyote aliyemsaidia mtumwa kukimbia alikabiliwa na faini ya dola 1,000 na kifungo cha miezi sita. Kwa lugha nyingine, faini hiyo ilikuwa sawa na mshahara wote wa Calvin wa mwaka mzima. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kwisha, Harriet alimficha nyumbani mwake kwa usiku mmoja mtu aliyeitwa John Andrew Jackson, aliyetoroka utumwa na aliyekuwa njiani kwenda Kanada.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tarehe 5 Juni 1851, gazeti la National Era la mjini Washington lilichapa sehemu ya kwanza ya hadithi yake, Uncle Tom's Cabin. Mwandishi alidhani itakwisha kwa matoleo matatu au manne. Ikaendelea kwa zaidi ya sehemu 40, hadi tarehe 1 Aprili 1852, kwa malipo ya dola 300. Sisi tunaoishi kwa saa ya studio tunaelewa maana ya kudaiwa kazi kila juma. Lakini Harriet alidaiwa huku akinyonyesha, akiendesha shule ndogo nyumbani na kuwatunza mabinti mapacha waliokwisha kuwa vigoli. Mwezi Julai 1851 alimwandikia Frederick Douglass, mwanaharakati aliyewahi kuwa mtumwa, akiomba msaada wa kupata habari za kweli za mashamba ya pamba.

Aliwezaje? Mkono mmoja haulei mwana. Dada yake Catharine, mwalimu mashuhuri, alihamia pale kusaidia kushika nyumba na watoto. Calvin naye, ambaye tangu mwaka 1842 alikwisha kumwambia mkewe kwamba hana budi kuwa mwandishi, alimwachia ofisi yake ya chuoni aandikie humo.

Kitabu kizima kilitoka tarehe 20 Machi 1852. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 300,000 nchini Marekani peke yake. Mwezi Desemba mwaka huo, Harriet alimweleza mwandishi mwenzake kwa barua kwamba ni kando ya kitanda na kaburi la Charley ndipo alipojua anavyojisikia mama mtumwa anaponyang'anywa mwanawe.

Kitabu hicho kina dosari zake. Jina la Uncle Tom baadaye liligeuka tusi kwa Mmarekani mweusi anayejidhalilisha mbele ya wazungu. Isitoshe, mwandishi alimpeleka mmoja wa wahusika wake Liberia, wakati Waamerika weusi wengi walidai haki zao palepale walipozaliwa. Lakini wasomaji waliozoea kusikia habari za mtumwa kama bei na hesabu walilazimika kumwona kuwa ni mama, baba na mtoto.

Na habari hii haiko mbali nasi. Wakati Harriet akiandika, soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi. Lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia saini tarehe 5 Juni 1873, miaka 22 kamili tangu sehemu ile ya kwanza ichapwe. Akina mama waliotenganishwa na watoto wao katika soko lile hawakupata gazeti la kuwaandikia kila juma, na wengi wao hata majina yao hatuyajui.

Basi, msikilizaji, iwapo nyumbani kwako yuko mama anayeandika usiku watoto wakiisha kulala, usimuulize tu atamaliza lini. Kesho mshikie mtoto.