UZI: Asilimia kumi ya dhahabu gani?

1/ Wadau, kila msimu wa siasa huku Turkana wimbo ni mmoja: "Dhahabu yetu, asilimia yetu!" Nimekulia Lowarengak, nimeusikia mpaka nimeukariri. Leo sitaji mtu wala chama. Nauliza swali ambalo majukwaa hulikwepa: hilo jiwe lina dhahabu kiasi gani, na ni nani aliyelipima?

2/ Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: serikali kuu 70%, kaunti 20%, jamii 10%. Watu wanagombania hizo namba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Lakini sisi ni wafugaji. Ukiambiwa sehemu moja ya kumi ya mifugo ni yako, si kwanza utauliza zizini kuna mbuzi wangapi?

3/ Kwa dhahabu, kuhesabu zizi ni kujua kuna gramu ngapi katika tani moja ya mwamba. Lori la tani 10 lenye gramu 4 kwa tani limebeba gramu 40 tu. Nusu ya mzigo ikiwa kifusi kitupu, zinabaki 20. Kwa macho, malori hayo mawili ni mapacha.

4/ Ndiyo maana mgodi mkubwa huwa na wanajiolojia wa kuchukua sampuli kwenye mashimo ya baruti kabla mwamba haujalipuliwa, kisha wanachora mpaka: hili liende kinuni, hili litupwe. Bei ya dunia ikipanda, mpaka unasogea. Jiwe lililokuwa takataka jana leo ni mali.

5/ Na dhahabu haikai kwenye mwamba kama sukari kwenye chai. Inakaa kama nyama kwenye pilau: kijiko kimoja kinaibuka na kipande, kingine wali mtupu. Ukionyeshwa jiwe moja jukwaani, umeonyeshwa kijiko kimoja. Sufuria bado hujaiona.

6/ Sasa historia. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria kwamba ardhi za wenyeji ni zao milele, na ikichukuliwa sehemu, walipwe ardhi nyingine. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: ardhi ya uchimbaji ingeweza kulipiwa pesa badala ya ardhi. "Milele" ilidumu miaka miwili.

7/ Watafutaji walimiminika Kakamega, na wengi wakaondoka mikono mitupu. Mgodi uliovuma zaidi, Rosterman, ulifungwa 1952. Wenye ardhi waliambiwa tu kwamba kuna dhahabu. Hawakuwa na kipimo chao cha kubishana nacho mezani.

8/ Mtasema hayo ni ya mkoloni. Haya, twende Tanzania, 2017. Makontena 277 ya makinikia yamezuiwa Dar es Salaam. Makinikia si mwamba ghafi. Ni mchanga wa madini uliokwisha kusagwa na kuchujwa, kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi.

9/ Hesabu za mwenye migodi: karibu gramu 200 za dhahabu kwa tani. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali: wastani wa gramu 1,400. Makontena ni yale yale, tofauti mara saba! Kampuni ikazikataa namba hizo. Mwisho wake ulikuwa mazungumzo: dola milioni 300, na kampuni mpya ya Twiga ambayo serikali ina hisa 16%.

10/ Uwe upande wowote kwenye ule ubishi, angalia kitu kimoja: ulizuka mzigo ukiwa tayari bandarini, baada ya miaka mingi ya kusafirisha. Na hiyo ni nchi yenye maabara na maprofesa wa jiolojia. Je, kijiji kwenye bonde la Turkana?

11/ Hata mwekezaji hudanganywa. Mwaka 1997 kampuni ya Kanada, Bre-X, iliporomoka baada ya kugundulika kwamba sampuli zake za Busang, Indonesia, zilitiwa dhahabu kutoka nje. Mabilioni ya dola yaliyeyuka. Kama wenye pesa walipigwa hivyo, sisi ni nani tusiulize?

12/ Shangazi yangu huchekecha mchanga wa laga kwa karai kule Namoruputh, Loima. Siku moja nilimsindikiza kuuza. Mnunuzi aliweka mizani ikimtazama yeye mwenyewe. Nilipozunguka nione namba, akaniambia, "Kijana, unanishuku?" Shangazi akanivuta mkono tuondoke, maana wiki ijayo angemhitaji tena.

13/ Kwa hivyo akija mtu baraza kutuahidi asilimia, mpigieni makofi, halafu muulizeni haya:
– Sampuli ngapi, zimetoka wapi?
– Maabara gani imepima, na nani mwingine amerudia?
– Jamii itapewa majibu kabla ya kuweka sahihi au baadaye?
– Tani na gramu zitatangazwa hadharani kila mwezi?

14/ Asilimia kumi ya namba usiyoijua ni ahadi tu. Ninyi wa Lodwar, Kakuma, Migori, Kakamega: kwenu mizani inamtazama nani? Semeni hapa chini.