Uzi Uliosokotwa Kilwa

Tarehe ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alipofika kisiwani alikinunua kwa nguo. Alimpa mtawala aliyemkuta vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote, na mtawala yule akahamia bara. Simulizi hilo limerudiwa mara nyingi, na wengi wetu tumekua tukiamini linavyoashiria: kwamba nguo ilikuja kwa jahazi, na kazi ya watu wa pwani ilikuwa kuipokea, kuivaa na kuipeleka bara.

Udongo wa kisiwa hicho hicho unasema zaidi. Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa Kisiwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, akachapisha matokeo yake mwaka 1974. Miongoni mwa vigae vya kaure ya China na shanga za kioo, alikuta visahani vidogo vya udongo vilivyotobolewa katikati. Vingi vilitengenezwa kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika: mtu alichukua kigae, akakichonga kingo hadi kikawa duara, akakisugua juu ya jiwe, kisha akakitoboa tundu. Ni vigurudumu vya kusokotea uzi. Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, alivikuta huko pia, vya zamani zaidi, vya karibu mwaka 1000. Vimeonekana Songo Mnara. Vimeonekana mbali kabisa na bahari, Mapungubwe ya karne ya 13 na Great Zimbabwe, miji iliyofanya biashara ya dhahabu na pwani kupitia Sofala.

Kwa hiyo watu walisokota pamba. Hawakusokota kidogo, wala si mahali pamoja tu. Makala haya yanahusu kazi hiyo, kwa sababu katika historia ya nguo zetu tumezoea kumtazama mfumi na mfanyabiashara, na aliyetengeneza uzi tumemwacha nje ya mlango.

Inafaa kueleza kwanza kazi yenyewe ilivyofanyika. Pamba ikishavunwa huchambuliwa, mbegu zitolewe moja moja kwa vidole au kwa kuziviringisha chini ya kijiti juu ya kitu kigumu. Nyuzinyuzi zikibaki peke yake hutawanywa ziwe laini na nyepesi. Kisha kijiti chembamba hupenyezwa kwenye tundu la kigurudumu, na kigurudumu hukaa upande mmoja kama uzito wa pia. Msokotaji hufunga ncha ya pamba kwenye kijiti, hukizungusha kwa vidole au kwa kukiviringisha juu ya paja, na wakati kinazunguka mkono wa pili huivuta pamba taratibu. Mzunguko hupanda kwenye nyuzinyuzi, unazikaza, zinashikana, na hapo uzi umezaliwa. Urefu wa mkono ukitimia, uzi huviringishwa kwenye kijiti na kazi huanza upya. Unyuzi mmoja wa pamba una urefu wa sentimita mbili au tatu tu, nao hauna nguvu wenyewe. Nguvu yote hutokana na msokoto. Ukilegea, uzi unakatika; ukizidi, uzi unajikunja na kufanya mafundo. Mkono unajua kabla ya jicho.

Sasa tufanye hesabu ambayo vitabu vya historia huipita haraka. Chukua shuka ya urefu wa mita mbili na upana wa mita moja, yenye nyuzi 10 kwa kila sentimita, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana). Mtande una nyuzi 1,000 za mita mbili mbili, yaani mita 2,000. Mshindio una nyuzi 2,000 za mita moja moja, mita 2,000 nyingine. Shuka moja ya kawaida imebeba kilomita nne za uzi. Hata msokotaji akipata mita 60 kwa saa bila kupumzika, shuka hiyo inamdai zaidi ya saa 66, kabla mfumi hajatandaza uzi wa kwanza, na bila kuhesabu muda wa kuchambua. Ndiyo maana mfumi mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa nyuma yake. Gharama ya nguo ilikuwa ndani ya uzi.

Ukiliweka hilo akilini, ushahidi wa maandishi unaanza kueleweka vizuri zaidi. Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika kwamba nguo zilizofumwa humo zilijulikana kwa jina la mji, hazikuwa na mfano wake, na zilipelekwa hadi Misri. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, Hans Mayr, aliyekuwa katika msafara wa Francisco d'Almeida, aliandika kwamba pamba nzuri ilistawi kisiwani. Kuhusu Mombasa alisema ilikuwa na nguo nyingi za pamba za kupelekwa Sofala. Miaka michache baadaye karani wa Kireno, Duarte Barbosa, alieleza jambo ambalo kwangu ndilo la thamani kuliko yote. Waislamu wa Sofala, alisema, walilima pamba na kufuma nguo nyeupe. Kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutosha, walinunua nguo za rangi kutoka Cambay huko Gujarat, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazikusanya nyuzi zile na kuzifuma upya pamoja na uzi wao mweupe.

Watafiti wengi wameusoma mwenendo huo kama upungufu: hawakujua kutia rangi. Mimi nauona kama uamuzi wa mafundi waliojua hesabu zao. Nguo ya Cambay ilikuwa na kilomita za uzi uliokwisha kusokotwa na kutiwa rangi. Aliyeinunua na kuifumua alinunua saa za kazi, na kwa saa hizo akatengeneza kitambaa alichokitaka yeye, kwa mistari aliyoijua na ambayo wateja wake wa bara waliipenda. Nguo ya kigeni ilikuwa kwake malighafi. Pate nayo ilisifika kwa nguo za hariri. Padri Monclaro, aliyepita pwani na Wareno katika karne hiyo ya 16, aliandika kwamba zilitengenezwa humo tu na kupelekwa miji mingine ya pwani, na Wareno wenyewe walipata faida kubwa kwa kuziuza.

Kusini zaidi, kwenye visiwa vya Kerimba, nguo zilitiwa buluu ya nili. Katika bonde la Zambezi na la mto Shire pamba ilisokotwa na kufumwa vijijini kwa karne nyingi. David Livingstone na wenzake, waliopita Shire kuanzia mwaka 1859, walikuta karibu kila kijiji makundi ya wanaume wakichambua, wakisokota na kufuma. Waliandika habari za aina mbili za pamba. Moja, tonje manga, ilikuwa ya kigeni, yenye nyuzinyuzi ndefu, nayo ilipandwa upya kila baada ya miaka mitatu. Nyingine, tonje cadja, ilikuwa ya wenyeji, fupi, ukiishika ni kama sufu, na ilibidi ipandwe kila mwaka. Pamoja na shida hiyo, wenyeji waliipenda ya pili, wakisema nguo yake ni imara zaidi. Mgeni aliyekuja kutafuta pamba ya viwanda vya Uingereza alipima urefu wa unyuzi. Mwenye kuivaa alipima miaka ya nguo.

Magharibi ya Tanganyika hali ilikuwa hivyo hivyo. Richard Burton aliona vitanda vya kufumia Unyamwezini mwaka 1858, na Ufipa ilijulikana kwa nguo zake nzito za pamba zilizofumwa kwenye vitanda vilivyolazwa chini. Kwa hiyo karne ya 19 ilipoanza, usokotaji wa pamba ulikuwa hai kuanzia pwani ya Benadir hadi Zambezi, na ndani hadi Unyamwezini na Ufipa.

Kilichobadili mambo kilianzia mbali. Katika Lancashire, kati ya miaka ya 1760 na 1779, James Hargreaves, Richard Arkwright na Samuel Crompton waliunda mashine zilizosokota nyuzi nyingi kwa pamoja. Tazama zilipogusa: uzi kwanza, kwa sababu huko nako uzi ndio uliokuwa mzigo. Mwaka 1793 Eli Whitney akaleta mashine ya kuchambua mbegu za pamba, na kusini mwa Marekani kukajaa mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Pamba yao ilipanda hadi viwanda vya Massachusetts. Kutoka bandari ya Salem meli zilileta Unguja kitambaa kigumu kisichopaushwa, ambacho watu walikiita merikani. Mkataba kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters akaanza kazi Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Merikani ikapimwa kwa mkono, shuka, doti na jora, ikawa fedha ya njia za misafara. Ilibadilishwa kwa pembe za ndovu, kwa chakula, kwa hongo ya kupita, na kwa watu. Pamba iliyochumwa na watumwa wenye asili ya Afrika ng'ambo ya Atlantiki ilirudi Afrika kununua watumwa wengine. Sidhani kama kuna kitambaa kingine kilichobeba dhuluma ya mabara mawili kwa namna hiyo, na ni kitambaa ambacho mababu zetu walikivaa arusini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata mkondo huo. Nafasi yake ikachukuliwa na Uingereza na viwanda vya Bombay. Jina merikani likabaki, hata kitambaa kilipotoka India.

Mafundi wa pwani hawakukunja mikono. Mogadishu na Barawa waliendelea kufuma nguo zao, na walidumu hadi karne ya 20. Lakini uzi waliotumia ulizidi kuwa wa viwanda vya India. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili: ufumaji ulinusurika pale ulipoachana na usokotaji. Mfumi wa Mogadishu aliweza kushindana na kitambaa cha kiwanda kwa sababu ya ustadi wake, mitindo yake na wateja wake. Msokotaji hakuwa na la kushindania, kwa maana uzi wake haukuonekana kwa macho ya mnunuzi. Mashine ilipompita kwa kasi, hakuna aliyemlilia.

Kisha ukaja utawala wa kigeni, na pamba ikarudi kwa sura nyingine. Wajerumani, tangu mwaka 1902, walilazimisha mashamba ya pamba ya pamoja katika kusini mwa koloni lao. Watu walifanya kazi humo chini ya viboko vya maakida, kwa malipo madogo mno, na pamba ikasafirishwa nje ikiwa ghafi. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Hivyo ndivyo Vita vya Majimaji vilivyoanza. Umatumbi uko nyuma ya Kilwa, safari ya miguu ya siku chache. Katika nchi ile ile ambako miaka 600 nyuma pamba ilikuwa kazi ya paja na vidole vya watu wake, sasa pamba ilikuwa sababu ya kwenda vitani. Waingereza nao, waliounda chama cha kukuza pamba katika makoloni mwaka 1902, walitaka marobota ya kupeleka Lancashire. Uganda ilipewa mbegu mwaka 1903, na baadaye Usukuma ukawa nchi ya pamba. Vizazi vikakua vikijua pamba kama kitu cha kupimwa kwenye mizani ya mnunuzi na kuondoka.

Mkono wenyewe, hata hivyo, haukusahau kusokota. Ukifika pwani ya mashariki ya Unguja, wanawake wa Paje na Makunduchi bado hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa ufukweni yalowe kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda kwa magongo na kuyasokota kuwa kamba. Ni kazi kongwe kuliko pamba: mitepe ya kale ilishonwa kwa kamba za namna hiyo, na maandishi ya Kiyunani ya karne ya kwanza yanataja vyombo vilivyoshonwa katika pwani hii. Ukambani wanawake husokota nyuzi za kiondo juu ya paja, zamani kwa gamba la mbuyu, na tangu mkonge ulipoenea, kwa katani.  Huko Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wanawake wa ushirika ulioanzishwa miaka ya 1970 husokota sufu ya kondoo kwa gurudumu la mkono na kuitia rangi za mimea. Na Ethiopia, jirani yetu, pamba bado husokotwa na wanawake kwa kijiti na kigurudumu, nguo nyeupe za sikukuu zikafumwa kwa uzi huo.

Hawa ndio ningependa waitwe kwanza tunapozungumzia vigurudumu vya Kilwa na Shanga. Kigurudumu chepesi husokota uzi mwembamba. Kizito hufaa uzi mnene au kuunganisha nyuzi mbili kuwa moja. Kwa hiyo uzito wa kila kimoja, upana wake na jinsi tundu lilivyokaa katikati hueleza aina ya nguo iliyokusudiwa, na pengine hatua za mwanafunzi aliyekuwa akijifunza. Mchimbaji anaweza kupima gramu. Anayesokota kila siku anaweza kukipachika kwenye kijiti, akakizungusha mara moja, na kusema kama kilifaa uzi wa shuka, wa kikoi au wa tanga.