Wajumbe wa Kahawa na Baraza la London

Mkulima wa Machame au wa Kianja aliyepeleka buni zake kwenye mzani wa chama cha ushirika katika miaka ya 1960, aghalabu hakujua kwamba kiasi cha kahawa ambacho nchi yake iliruhusiwa kuuza ng'ambo mwaka ule kilikuwa kimekwisha kukatwa London, katika baraza ambamo mtu mmoja au wawili, aliowatuma yeye bila kuwajua majina, walikuwa wameketi siku nyingi mbele ya mataifa makubwa wakishindania magunia elfu kumi hapa na elfu tano pale. Kazi ya wajumbe hao haikuimbiwa ngoma, wala haikuandikwa sana katika vitabu vya historia yetu, ilhali karo na bati la nyumba vilitegemea ustadi wao kama vilivyotegemea mvua.

Chanzo cha baraza hilo kilikuwa dhiki. Brazili, iliyotawala soko la kahawa tangu karne ya kumi na tisa, ilifikia kuangamiza magunia takriban milioni 78 ya mali yake kati ya 1931 na 1944, mengi yakichomwa moto, ili bei isizame kabisa. Kisha jalidi la 1953 likaunguza mashamba ya Paraná; bei ikapanda mwaka uliofuata mpaka wanunuzi wa Marekani wakalalamika hadharani, na kila mwenye ardhi ya kufaa, kuanzia Amerika ya Kati hadi Uganda, akapanda mikahawa mipya. Walakini mkahawa hauzai mwaka unaopandwa. Mazao ya pupa hiyo yakafika sokoni yote kwa pamoja mwishoni mwa miaka ya 1950, na bei ikaporomoka wakati uleule ambao makoloni ya Afrika yalikuwa yakijiandaa kushika hatamu zao wenyewe.

Marekani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kupita wote, haikuwa na desturi ya kupenda mapatano ya kupandisha bei ya kitu inachokinunua. Lakini mapinduzi ya Kuba ya 1959 yaliitia hofu, na serikali ya John F. Kennedy ikaona kwamba umaskini wa wakulima wa Amerika ya Kusini ungeweza kuzaa maasi mengine. Hivyo ndivyo ilivyowezekana kwamba Julai na Agosti 1962 wauzaji na wanunuzi wakutane New York, katika nyumba ya Umoja wa Mataifa, wakatoka na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Tanganyika ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, na Uganda ilikuwa bado inauhesabia miezi.

Mkataba ule uliunda Shirika la Kimataifa la Kahawa, lenye baraza lake London; barazani humo uliwapa wauzaji wote kura 1,000 na wanunuzi wote kura 1,000, na ukakataza nchi yoyote kushika zaidi ya kura 400. Kila muuzaji aliwekewa mgawo: Brazili ilipata magunia milioni 18 ya kilo 60, Kolombia zaidi kidogo ya milioni sita, Uganda haikufika milioni mbili, na Tanganyika haikufika nusu milioni. Mtu akizitazama hesabu hizi atasema kwamba mjumbe wa Dar es Salaam hakuwa na la kufanya barazani ila kuitikia. Mimi nadhani kinyume chake. Madhali maamuzi makubwa yalihitaji theluthi mbili za kura za kila upande, wakubwa hawakuweza kupitisha neno bila kuwatafuta wadogo. Na aliyetafutwa, akiwa amezisoma kanuni usiku ule wenzake waliolala, aliweza kuomba kitu badala ya idhini yake.

Tena palikuwa na jambo la makundi, ambalo ndilo lililowafaa sana watu wetu. Mgawo ulipoanza kufuata aina ya kahawa, arabika ya kuoshwa ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za Kenya iliwekwa kundi moja na ile ya Kolombia, kwa ulaini wake, nayo robusta ya Uganda ikawa katika kundi jingine. Bei ya kundi ilipopanda kupita kiwango kilichokubaliwa, wenye kundi hilo waliongezewa ruhusa ya kuuza, iliposhuka, walipunguziwa. Basi Tanzania na Kenya, ndogo kama zilivyokuwa, zikasafiri chini ya kivuli cha taifa la pili kwa wingi wa kahawa duniani, na mjumbe wa Afrika Mashariki akawa na sababu ya kufanya urafiki na Mkolombia kabla ya kufanya urafiki na Mwafrika mwenzake wa Abidjan, mwenye robusta. Hili liliwaudhi baadhi ya watu waliotaka Afrika izungumze kwa kauli moja, na udhia wao ulikuwa na haki. Lakini aliyetumwa na wakulima wa arabika alikuwa na amana ya arabika.

Mgogoro uliofichua tabia ya biashara hii kuliko yote ulizuka 1968, mkataba ulipokuwa ukifanywa upya. Brazili ilikuwa imeanza kusaga na kukausha kahawa ya unga wa kuyeyuka viwandani mwake na kuiuza Marekani kwa bei nafuu, na wenye viwanda wa Marekani wakapiga kelele hata mkataba wote ukakaribia kuvunjika, mpaka kifungu kikatiwa ndani yake kuzuia upendeleo wa namna hiyo. Yaani mkulima alikubaliwa apate bei ya haki kwa buni zake mbichi, bali akithubutu kuzipika mwenyewe anakuwa mkosaji. Nchi yetu, iliyokuwa ikijenga kiwanda cha Tanica kule Bukoba katika miaka hiyohiyo, ilikuwa na kila sababu ya kuusikiliza ugomvi ule kwa makini.

Sitaki kuupamba mkataba huo kupita haki yake. Sehemu kubwa ya faida yake iliishia katika bodi za mauzo na hazina za serikali kabla ya kumfikia aliyechuma. Magendo nayo yalishamiri: kahawa iliandikiwa nchi zisizo wanachama kwa bei ya chini, kisha ikarudishwa kwa njia za giza katika masoko ya mgawo, hata ikapewa jina la kahawa ya watalii. Jalidi jingine la Julai 1975 likaziua tena bustani za Brazili, bei ikapita dola tatu kwa ratili 1977, na kahawa ya Uganda ikavushwa usiku mpaka Chepkube, upande wa Kenya.

Migawo, iliyokuwa imesimama katika miaka ya 1970, ilirudi 1980, ikasimama 1986 kwa ukame wa Brazili, ikarudi tena 1987. Kisha ikafa Julai 1989. Wanunuzi walitaka arabika laini zaidi, Brazili ilikataa kupunguza fungu lake, Marekani ilichukia kuona nchi zisizo wanachama zikiuziwa kwa bei rahisi, na hofu iliyowafanya 1962 wawe wakarimu ilikuwa imekwisha kupoa. Kabla mwaka haujaisha bei ilipoteza karibu nusu yake. Mwaka 2001 ratili moja ilikuwa chini ya senti 50 za dola, na kwenye miteremko ya Kilimanjaro watu wakang'oa mikahawa iliyopandwa na babu zao wakaweka mahindi na nyanya.

Shirika la Kahawa lingali London, na mkataba wa 2022 unawakaribisha hata wafanyabiashara binafsi katika mazungumzo yake. Tanzania bado inatuma wajumbe. Wanajadili takwimu, ubora, maradhi ya mimea na hali ya hewa, mambo yote yenye maana. Lakini bei haimo tena katika orodha ya mambo ambayo mjumbe wa serikali anaweza kuyatia saini.