Paul Robeson na Filamu za Uingereza: Alizozienzi na Aliyoikana

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tunapohakiki tamthilia twamhoji mwandishi kwa kila hali, kisha tukamsahau mwigizaji. Makala haya yanamwangazia mwigizaji mmoja, Mmarekani mweusi Paul Robeson (1898–1976). Yeye si mgeni kwetu kabisa: mnamo 1934 alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki jijini London, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha alizosoma.

Filamu aliyoikana ni Sanders of the River (1935), iliyoongozwa na Zoltan Korda. Robeson ni Bosambo, chifu anayemnyenyekea afisa wa kikoloni. Kijiji cha "Afrika" kilijengwa Shepperton, karibu na London, na miongoni mwa waigizaji wadogo alikuwemo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi Uingereza. Robeson aliamini kwamba filamu ingeuheshimu utamaduni wa Mwafrika. Ilipotoka, ilikuwa sifa tupu kwa ukoloni. Zingatia hapo, msomaji: mwigizaji hutamka maneno, mwenye kukata na kuunga picha ndiye aliyeamua maana.

Ndiposa katika Song of Freedom (1936) alidai mkataba uliompa idhini juu ya picha ya mwisho. Mhusika wake, John Zinga, ni kuli wa bandari ya London ambaye anatambua asili yake ya kifalme kwa kidani na kipande cha wimbo alichorithi. Kwa mwanafunzi wa hapa Roret, aliyezoea kuulizwa na wazee oret yake, yaani ukoo wake, dhamira ya utambulisho haihitaji maelezo marefu. Robeson aliithamini kazi hii. Mimi naona sehemu ya kisiwani ina dosari: wenyeji wamesawiriwa kana kwamba wanamngoja mtu kutoka London aje awaokoe.

Aliyoionea fahari kuliko zote ni The Proud Valley (1940), ya mwongozaji Pen Tennyson. David Goliath, baharia mweusi asiye na kazi, anafika katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales. Sauti yake nzito ya besi inamfungulia mlango wa kwaya, kisha wa mgodi. Mmoja akilalamikia rangi yake, mwenzake anauliza kama huko chini shimoni si wote huwa weusi. Mtahiniwa ataharakisha kuandika "ubaguzi wa rangi" na kuweka kalamu chini. Mrejeshe kwenye nyimbo za kazi, wawe na kimai alizozisoma katika fasihi simulizi. Mwulize pia iwapo wachumaji chai wanaopanga foleni na vikapu penye kituo cha kununulia majani wana lugha yao ya mshikamano. Kisha mpe swali gumu zaidi: kwa nini ni Goliath, mtu mweusi pekee kijijini, anayekufa ili wenzake waokoke?

Wachimba migodi wenyewe hawakumsahau. Marekani ilimnyang'anya pasipoti mwaka 1950, ikamrudishia 1958. Katikati ya miaka hiyo, mnamo Oktoba 1957, aliwaimbia kutoka New York kupitia waya wa simu wakiwa wamekusanyika Porthcawl, Wales, nao wakamjibu kwa wimbo.