Usiku wa Kwanza wa Ziara: Jinsi Mashabiki Walivyogeuka Wahakiki

Kwa bendi nyingi, ziara ni kazi ya kurudia. Wanamuziki hufanya mazoezi ya nyimbo ishirini hivi, wakazipanga, kisha wakazipiga kwa mpangilio uleule mji baada ya mji. Aliyehudhuria Boston na aliyehudhuria New York wamesikia kitu kimoja, na hakuna mwenye jipya la kumsimulia mwenzake. Lakini tangu katikati ya miaka ya 1960 kumekuwepo nchini Marekani ukoo mwingine wa bendi, ambao orodha ya nyimbo hubadilika kila usiku, na wimbo ukifika katikati hufunguliwa, wapigaji wakatunga papo kwa papo kwa dakika kumi, ishirini au zaidi. Msomaji aliyelelewa na muziki wa dansi afikirie sebene ambalo hata mpiga solo hajui litaishia wapi, wala litaingilia wimbo gani. Wamarekani huziita bendi za jem. Mashabiki wake wana desturi ya kuandika hukumu ya kila onyesho, wimbo kwa wimbo, na hukumu kali kuliko zote huwekewa usiku wa kufungua ziara. Desturi hiyo ina chanzo chake, na bila kukijua ni vigumu kuelewa kwa nini usiku mmoja wa Machi 2009 mjini Hampton, Virginia, ulipimwa kwa kipimo cha ajabu kidogo.

Chanzo ni Grateful Dead, bendi iliyoundwa mwaka 1965 karibu na San Francisco ikiwa na Jerry Garcia kwenye gitaa la solo na Phil Lesh kwenye besi. Miezi yake ya mwanzo ilipiga katika mikesha ya mwandishi Ken Kesey, ambako LSD, iliyokuwa bado halali katika jimbo la California, iligawiwa kama sharubati. Wako wanaosema kwamba dawa hiyo ndiyo iliyozaa muziki usio na mipaka. Maelezo hayo yana ukweli, kwa sababu katika mikesha ile hakuna aliyekuja ili aburudishwe na bendi, nayo ilikuwa huru kupiga saa tatu au kukaa kimya. Hata hivyo hayatoshi. Mikesha ilikwisha mwaka 1966, na marufuku ya LSD ikafuata mwaka huohuo, lakini nyimbo zilizidi kurefuka. Lesh alikuwa amesomea utunzi wa muziki wa kisasa, na wenzake walimsikiliza sana John Coltrane. Nadhani jazi ilichangia zaidi ya kemia.

Mhakiki wa kwanza wa bendi hiyo alikuwa ndani ya nyumba. Owsley Stanley, fundi wao wa sauti, alianza mapema mwaka 1966 kurekodi maonyesho ili apime kazi yake mwenyewe, na wanamuziki walikaa baada ya onyesho wakisikiliza walichokosea. Hivyo wazo kwamba kila usiku ni kitu cha kuhifadhiwa na kuhukumiwa lilianza kwa wapigaji, kisha likawafikia wasikilizaji. Santuri za studio hazikuwatosha wasikilizaji hao. Ilipotoka Live/Dead mwaka 1969, iliyorekodiwa jukwaani, walisikia kwa mara ya kwanza nyumbani kwao kile walichokuwa wakikifuata ukumbini, na wakataka zaidi.

Mwaka 1971 bendi iliweka ndani ya jalada la santuri yake mwito kwa mashabiki watume majina na anwani zao. Orodha ya barua ikazaliwa, na kwa mara ya kwanza watu waliokuwa wakijidhani wachache wakatambua kwamba wako maelfu. Wakati huohuo kijana wa Brooklyn, Les Kippel, alianzisha klabu ya kubadilishana kanda, na mwaka 1974 klabu ikazaa jarida lililokuja kujulikana kama Relix. Hapo ndipo uhakiki ulipopata kazi ya kufanya. Onyesho la saa tatu halikuenea katika kanda moja ya dakika 90, bali lilihitaji mbili. Kila nakala ya nakala iliongeza mvumo. Na stempu ilikuwa na bei. Mtu wa Ohio aliyetaka kanda kutoka kwa mtu wa New Jersey asiyemjua ilimpasa kwanza aulize: sauti ikoje, na bendi ilipigaje? Hakiki za mwanzo zilikuwa majibu ya maswali hayo mawili, kwa mpangilio huo.

Oktoba 1974 bendi ilisimama. Mwaka ule ilikuwa ikizunguka na mtambo wa spika wenye ukubwa wa ukuta wa ghorofa kadhaa, ambao kuusafirisha kulimeza karibu kila ilichoingiza, na watu walikuwa wamechoka. Iliporudi barabarani tarehe 3 Juni 1976, katika ukumbi mdogo wa Paramount mjini Portland, Oregon, tiketi ziliuzwa kwanza kwa wale wa orodha ya barua. Walioingia walisikia nyimbo ambazo bendi haikuwahi kuzipiga jukwaani, kama The Wheel na Samson and Delilah, na wakaona wapiga ngoma wawili pale ambapo miaka kadhaa alikuwepo mmoja. Mwendo ulikuwa wa taratibu na uangalifu mwingi.

Ufunguzi ule ulifundisha mashabiki namna ya kusoma usiku wa kwanza. Usiku wa kumi wa ziara, vidole vimelainika na wapigaji wanasikilizana, hivyo unachohukumu ni upigaji wenyewe. Usiku wa kwanza huonyesha yaliyotendeka katika chumba cha mazoezi: wimbo gani umefufuliwa, upi umeachwa, nani amebadilisha ala, nani hakufanya mazoezi. Mhakiki wa usiku huo anatabiri zaidi ya anavyohukumu. Ndiyo maana hata ufunguzi uliopigwa ovyo husomwa kwa hamu, na kwa maoni yangu hakiki za aina hiyo huwa bora kuliko zile za usiku uliofana, ambazo mara nyingi ni shangwe tupu.

Kama kanda ndiyo ushahidi, je, ubora wa kanda haupotoshi hukumu? Swali hilo lina mfano wake maarufu. Tarehe 8 Mei 1977 Grateful Dead ilipiga Barton Hall, katika Chuo Kikuu cha Cornell, nje theluji ikianguka ingawa Mei ilikuwa imeingia. Mashabiki wengi huuita usiku bora kuliko yote. Wapinzani hujibu kwamba majira yale yote ya kuchipua bendi ilikuwa kwenye kilele, na kwamba Cornell ilipata sifa kwa sababu Betty Cantor-Jackson aliirekodi kwa ufundi wa hali ya juu. Kanda zake, zilizokuwa ghalani, zilipigwa mnada mwaka 1986 na nakala safi zikasambaa. Mimi naelekea kwa wapinzani, lakini si kabisa, kwa kuwa shehena ile ilikuwa na maonyesho mengine mengi yenye sauti safi vilevile, nayo hayakupanda kiasi hicho. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kanda ya Cornell katika hazina yake ya taifa ya sauti, hatua iliyotangazwa mwaka 2012, na ubishi ukaendelea.

Kufikia miaka ya 1980 warekodi walikuwa wengi hata milingoti ya maikrofoni zao ikamzuia fundi mitambo asione jukwaa, na waliolipa tiketi za kawaida walinung'unika. Bendi ingeweza kuwafukuza. Badala yake, Oktoba 1984, mjini Berkeley, iliwatengea sehemu yao nyuma ya mtambo wa kuchanganyia sauti na kuwauzia tiketi maalumu. Ruhusa hiyo ilihalalisha kumbukumbu, na kumbukumbu ikaleta takwimu: mwaka 1987 mashabiki watatu walichapisha DeadBase, kitabu cha orodha za nyimbo za kila usiku uliojulikana. Sasa mhakiki aliweza kusema wimbo fulani haujapigwa tangu lini, na pengo hilo likawa sehemu ya thamani yake.

Mfano ni ukumbi wenyewe wa Hampton. Baada ya wimbo wake Touch of Grey kuingia kumi bora mwaka 1987, umati usio na tiketi ulianza kuizonga miji ambako bendi ilikwenda. Kwa hiyo Oktoba 1989 ilijitangaza pale kwa jina lake la zamani, Warlocks, muda mfupi kabla ya onyesho, na tiketi zikauzwa kwa wenyeji. Usiku wa pili, tarehe 9, ilipiga Dark Star, wimbo ambao haukuwa umesikika jukwaani tangu Julai 1984. Ukumbi huo wa duara, ambao hauingizi watu zaidi ya elfu kumi na nne hivi, ukapata jina la mahali ambapo nyimbo zilizopotea hurudi.

Garcia alifariki Agosti 1995. Wengi wa mashabiki wake waliifuata Phish, bendi ya watu wanne iliyoanza mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Vermont, ikiongozwa na mpiga gitaa Trey Anastasio. Phish ilirithi ruhusa ya kurekodi na desturi ya kubadilisha orodha kila usiku, lakini ilitofautiana kwa jambo moja litakalohitajika mbele kidogo: pamoja na kutunga papo kwa papo, ilikuwa na tungo ndefu zilizopangwa nota kwa nota, ngumu kuzipiga bila mazoezi. Mashabiki wake walikuwa wahakiki hodari kuliko waliowatangulia. Mwaka 1996 waliunda shirika la kujitolea, Mockingbird Foundation, ambalo hukusanya historia ya kila onyesho, huchapisha vitabu, na hutoa mapato kusaidia ufundishaji wa muziki kwa watoto.

Kisha mambo yakaharibika. Phish ilipumzika Oktoba 2000, ikarudi mkesha wa mwaka mpya wa 2003 ikiwa haijafanya mazoezi ya kutosha, na Mei 2004 Anastasio akatangaza kuivunja. Maonyesho ya kuaga yalifanyika Agosti katika tamasha la Coventry, kaskazini mwa Vermont. Mvua iligeuza mashamba kuwa matope. Mpiga besi Mike Gordon alitangaza redioni kwamba waliokuwa bado njiani warudi nyumbani. Maelfu waliacha magari barabarani wakatembea. Jukwaani bendi ilijikwaa katika zile tungo ngumu, na mpiga kinanda Page McConnell alishindwa kuimba kwa machozi. Desemba 2006 Anastasio alikamatwa na dawa za kulevya katika jimbo la New York, akapitia mpango wa mahakama wa kuacha matumizi, akaacha. Tarehe 1 Oktoba 2008 likaja tangazo: Hampton, siku tatu, kuanzia 6 Machi 2009. Tiketi ziliisha ndani ya dakika chache, na walanguzi wakapata sikukuu.

Wimbo wa kwanza ulikuwa Fluffhead. Ni utungo wa takriban robo saa, wenye vipande vingi vinavyofuatana na sehemu za gitaa ambazo kosa halifichiki, na haukuwa umepigwa tangu Septemba 2000. Katika kipindi chote cha 2003 na 2004 mashabiki waliuomba bila kuupata, na wengi walihitimisha kwamba bendi inauogopa. Kwa nini basi uanze nao? Baadhi ya wahakiki walisema ni zawadi kwa waliosubiri. Wengine walisema ni mtihani ambao bendi imejitungia: watu waliokosea Coventry wanaanza na kitu kigumu kuliko vyote, hadharani, kabla mikono haijapata joto. Tafsiri ya pili inaungwa mkono na yaliyofuata. Utungo wa pili ulikuwa Divided Sky, wa aina ileile, na usiku ule ulikwenda kwa zaidi ya nyimbo 25, takriban zote zikipigwa kwa usafi na kufungwa mapema. Zawadi tu isingehitaji orodha ndefu kiasi hicho.

Hakiki zilizoandikwa na waliokuwa ukumbini zilijaa vilio na shukrani. Lakini bendi ilikuwa imetoa rekodi za siku zote tatu bure, hivyo maelfu wasiokuwepo walihukumu vilevile, na wao walisikia kitu kingine: upigaji sahihi, lakini kutunga papo kwa papo kulikuwa kufupi na kwa woga. Hata Tweezer, wimbo ambao miaka ya 1990 uliweza kuchukua zaidi ya nusu saa, ulipitishwa kwa adabu. Rahisi kusema kwamba wa kwanza walilevywa na hisia na wa pili walikuwa na masikio. Ukirudi kwenye mantiki ya usiku wa kwanza, hata hivyo, waliokuwepo walijibu swali lililofaa usiku ule, yaani kama hawa watu wanaweza tena kupiga nyimbo zao wenyewe. Wasikilizaji wa rekodi walikuwa wakiuliza swali la ziara inayofuata.

Ziara hiyo ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2009 katika uwanja wa besiboli wa Fenway Park, Boston. Wanamuziki wanne waliimba wimbo wa taifa bila ala, kisha wakapanda jukwaani. Miongoni mwa nyimbo mpya ulikuwemo Time Turns Elastic, utungo mrefu wa Anastasio uliopangwa mwanzo hadi mwisho, usioacha nafasi ya mtu kupotea. Bendi ilionekana kuuthamini sana. Wahakiki wengi waliuona mzito na mrefu kupita kiasi, wakaandika hivyo bila kupunguza makali, na wakataka kujua ni lini Tweezer utafunguliwa sawasawa.